Leonhard Euler, Kipofu Aliyejua Mwendo wa Maji

Tarehe 15 Aprili mwaka 1707, katika mji wa Basel nchi ya Uswisi, mchungaji mmoja jina lake Paulus Euler alipata mwana, akamwita Leonhard. Mwaka uliofuata mchungaji huyo alipewa usharika wa Riehen, kijiji kilicho karibu na mji, na huko ndiko mtoto alikokulia, si mbali na mto Rhine.

Wasomaji wetu wengi huenda hawajalisikia jina lake, ingawa hutajwa kila siku katika vyuo vikuu vya dunia. Na wengi wanaolitaja hawajui ya kuwa mtu huyo alizaliwa katika nyumba ya mchungaji, na kwamba yeye mwenyewe nusura avae kanzu ya uchungaji. Hakuwa wa Kanisa letu la Kilutheri, kwa maana watu wa Basel walifuata matengenezo yale ya Kireforma, yaliyoanzwa Uswisi. Walakini alipokufa alizikwa katika makaburi ya Walutheri, mbali sana na kwao, kama tutakavyoona.

Baba alipokuwa mwanafunzi wa elimu ya Mungu alihudhuria pia mafundisho ya hesabu ya Jakob Bernoulli, mtu mashuhuri wa Basel, wala hakuyasahau. Basi alimfundisha mwanawe hesabu yeye mwenyewe, akidhani ya kuwa zitamnoa akili kwa kazi ya kuhubiri. Leonhard alipokuwa na miaka 13 aliingia chuo kikuu cha Basel. Jakob alikuwa amekwisha kufa, na mahali pake palikaliwa na ndugu yake Johann Bernoulli, mtu mkali, mwenye wivu wa sifa, lakini mwalimu kweli kweli. Kijana alipoomba afundishwe peke yake, Johann alikataa kwa kuwa kazi zilimzidi. Alimwambia asome mwenyewe vitabu vigumu, na kila Jumamosi alasiri aje na yale yaliyomshinda. Leonhard alijitahidi juma zima ili maswali ya Jumamosi yawe machache, asimchoshe mwalimu. Wenye kufundisha watoto watajua kwamba hakuna darasa lililo bora kuliko hilo.

Kisha kwa mapenzi ya baba akaanza kusoma elimu ya Mungu, pamoja na Kiyunani na Kiebrania. Alikuwa mcha Mungu, na alidumu kuwa hivyo maisha yake yote, lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu. Johann Bernoulli alimwendea mchungaji akamweleza ya kuwa kijana huyu Mungu amemkusudia kazi nyingine. Baba akakubali. Si jambo dogo kwa mchungaji kumwachia mwanawe njia nyingine, tena kwa neno la mwalimu wa hesabu.

Kazi haikupatikana Basel. Wana wawili wa Johann, Nicolaus na Daniel, walikuwa wamekwisha kwenda St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi siku zile, ambako wafalme walianzisha Akademia, yaani baraza la wenye elimu. Nicolaus alifariki huko mwaka 1726. Leonhard naye aliitwa, akaenda mwaka 1727. Aliondoka kwao mwezi wa Aprili akashuka mto Rhine kwa mashua, akapita nchi za Wajerumani kwa gari la farasi, kisha akapanda merikebu kutoka Lübeck. Akatimiza miaka 20 njiani. Wala hakurudi tena kukaa katika nchi ya baba zake.

Huko St. Petersburg alikaa nyumba moja na rafiki yake Daniel Bernoulli. Daniel alikuwa akichunguza maji yapitayo katika mabomba, na mwaka 1738, baada ya kurudi kwao Basel, alitoa kitabu kikubwa juu ya habari hiyo. Alionyesha jambo la ajabu: maji yapitayo mahali pembamba huenda upesi zaidi, na papo hapo nguvu yao ya kusukuma kando hupungua. Lakini Daniel alijua maji yaliyofungwa katika bomba, ambayo yote huelekea upande mmoja. Maji yaliyo huru, ya mto na ya bahari, na upepo uvumao huku na huku, hayo hakuna aliyeweza kuyaandikia kanuni.

Mwaka 1734 Euler alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji wa Kiswisi aliyefanya kazi Urusi. Mungu akawapa watoto 13. Wanane walikufa wangali wadogo. Nyumba ile ilizoea jeneza, na inasimuliwa ya kwamba baba aliandika kazi zake na mtoto akiwa amepakatwa na wengine wakicheza miguuni. Mwaka 1738, baada ya homa kali na kazi nyingi, jicho lake la kulia lilipofuka.

Mwaka 1741 Friedrich wa Pili, mfalme wa Prusia, alimwita Berlin. Euler alikaa huko miaka 25. Mfalme huyo alipenda mashairi, filimbi, na maneno ya kuchekesha ya Kifaransa. Hesabu hakuzipenda, na dini aliifanyia mzaha mezani pake. Euler hakuwa mwepesi wa maneno. Kila jioni aliwakusanya watu wa nyumbani mwake, akawasomea sura ya Biblia na kusali pamoja nao. Mwaka 1747 alitoa kijitabu cha kuitetea Biblia mbele ya hao wenye kuidhihaki, bila kuandika jina lake juu yake. Kwa hiyo mfalme na mwana-elimu wake hawakuwa watu wa chungu kimoja.

Hapa yapasa tuseme neno juu ya hadithi inayopendwa sana katika magazeti ya Kikristo, kwamba Euler alimnyamazisha Mfaransa Diderot, asiyeamini, kwa kumtupia kanuni ya hesabu na kudai kwamba inathibitisha kuwako kwa Mungu. Wachunguzi wa mambo ya kale hawaisadiki, wala sisi hatuna haja nayo. Hoja isiyoeleweka haikumleta mtu yeyote kwa Mungu, na Euler hakuwa mtu wa kufanya hila.

Mfalme alijijengea jumba huko Potsdam, liitwalo Sanssouci, akataka katika bustani yake maji yaruke juu kama mti. Mafundi walifanya mabomba ya mbao yapandishe maji hata hodhi lililo juu ya kilima. Euler alipoulizwa mwaka 1749 alipiga hesabu, akaonya ya kuwa mabomba hayo hayatastahimili nguvu ya maji yaliyo ndani, na kwamba yafaa kutengeneza mabomba ya risasi, tena manene ya kutosha. Hakusikilizwa. Mabomba yakapasuka. Miaka mingi baadaye mfalme alimwandikia Voltaire, akimlaumu Euler na hesabu zake, kana kwamba ndizo zilizoharibu kazi. Tangu hapo kisa hicho kimekaririwa ili kuwacheka watu wa vitabu, hali ukweli ni kinyume: aliyehesabu alisema kweli, na mwenye fedha hakutaka kutoa.

Sasa tufikie kazi iliyofanya jina lake lifungamane na maji. Mwaka 1755 alisoma mbele ya Akademia ya Berlin maandiko yake juu ya mwendo wa vitu vyote vya kumiminika, nayo yakapigwa chapa mwaka 1757. Tutajaribu kueleza kiini chake pasipo alama za hesabu.

Tuseme mtu amesimama darajani, amechagua mahali pamoja penye mto, labda kando ya nguzo. Hafuati tone lolote. Matone huja na kupita, naye hayajali. Anachouliza ni kwamba mahali hapa, saa hii, maji yanakwenda upesi gani na yanaelekea wapi. Mwenzake asimame mahali pengine, na wa tatu pengine, hata mto wote uwe na watazamaji, kila mmoja na mahali pake. Wote wakiandika kwa dakika ile ile, na kukusanya waliyoandika, mto mzima unao. Njia hii huitwa njia ya Euler.

Njia ya pili ni ya mtu aliyeingia mtumbwini, akaweka makasia chini, akajiacha achukuliwe. Yeye hana mahali. Ana maji yake tu. Huyafuata maji yale yale yapitapo penye kina na penye mawe, akiandika saa gani alikuwa wapi. Watu wakiwa wengi, kila mtu na mtumbwi wake, mto mzima hupatikana kwa namna hiyo pia. Njia hii huitwa njia ya Lagrange, kwa jina la mtu tutakayemtaja hivi punde.

Mtu atadhani kwamba hizi ni njia mbili za kusema jambo moja, na kwamba hakuna ugumu. Ugumu upo, nao ni huu. Chukua mto uliotulia, usiopanda wala kushuka tangu asubuhi, lakini wenye mahali ambapo magenge ya pande mbili yanaukaribia na kuubana. Penye upana maji huenda mita 1 kwa sekunde. Penye magenge huenda mita 3. Kila mtazamaji wa ukingoni ataandika kwamba mahali pake hakuna kilichobadilika. Aliye penye upana ameona 1 tangu asubuhi, na aliye penye magenge ameona 3 tangu asubuhi. Ukiwauliza wote, jibu lao ni kwamba mto haubadili mwendo. Mwenye mtumbwi atasema kinyume. Yeye alikuwa akienda polepole, akavutwa mbele. Na ikiwa alichukua sekunde 4 kutoka penye upana hata penye magenge, kila sekunde moja ilimwongezea, kwa kadiri, nusu mita kwa sekunde. Hakuna asemaye uongo kati yao.

Sasa, Newton alikuwa amefundisha ya kuwa kitu hakiongezi mwendo wake pasipo kusukumwa. Lakini kinachosukumwa ni nini? Ni maji yenyewe, kwa kuwa ndiyo yenye uzito. Mahali hapana uzito wala hapasukumwi. Kwa hiyo kanuni ya Newton inamhusu mwenye mtumbwi, wala aliye darajani hawezi kuitumia hivi hivi. Akiitumia kwa kile anachokiona atasema kwamba hakuna nguvu katika mto ule, naye atakosa.

Euler alionyesha wazi jinsi mtu wa darajani anavyoweza kupata habari za mtumbwi bila kuondoka darajani. Inampasa kujumlisha mabadiliko mawili: yale yanayotokea mahali pake kadiri saa zinavyopita, na yale ambayo tone hukutana nayo kwa sababu tu linahama kwenda mahali penye mwendo mwingine. La kwanza katika mto wetu ni sifuri. La pili ndilo ile nusu mita. Akijumlisha hivyo, kanuni ya Newton inakuwa ya kweli kila mahali katika mto, na nguvu inayosukuma inaonekana ilipo: maji ya nyuma, penye upana, yanasukuma zaidi kuliko yale ya mbele, penye magenge. Ndilo lile neno la Daniel Bernoulli, lakini sasa limetolewa katika bomba na kuwa huru. Akaongeza sharti moja ambalo kila mwenye kumwagilia shamba kwa mfereji analijua, kwamba maji hayapotei: yanayoingia sehemu moja lazima yatoke sehemu nyingine.

Yapasa kusema kweli ya kuwa si yote haya yalikuwa yake. Mfaransa d'Alembert alikuwa amekwisha kuyatazama maji kwa jinsi hiyo ya mtu wa darajani. Mwaka 1749 aliiletea Akademia ya Berlin maandiko yake, akishindania zawadi iliyotangazwa. Euler alikuwa mmoja wa waamuzi, na zawadi haikutolewa. D'Alembert alikasirika, akayapiga chapa mwenyewe mwaka 1752. Maandiko yake yalikuwa magumu na yenye giza. Ya Euler yalikuwa meupe kama maji ya chemchemi, na kwa sababu hiyo dunia ikamfuata Euler. Hata hivyo deni lilikuwapo, nasi tungalipenda kuona katika kazi ile ya mwaka 1755 ungamo lililo kubwa zaidi. Hao wawili walipatana mwaka 1763. Mfalme alipomtaka d'Alembert awe mkuu wa Akademia, yeye alikataa, akasema haifai mtu yeyote kuwekwa juu ya Euler. Aliyeonewa, kama alionewa, ndiye aliyemheshimu.

Kwa mtu mwingine Euler alikuwa mkarimu kupita kawaida. Mwaka ule ule wa 1755 alipata barua kutoka Turin, ya kijana wa miaka 19 aitwaye Lagrange, mwenye njia mpya ya hesabu iliyokuwa bora kuliko ile ya Euler mwenyewe. Euler alizuia maandiko yake aliyokuwa nayo juu ya habari hiyo yasitoke, ili kijana apate kwanza sifa yake yote. Lagrange akawa mkubwa, na kitabu chake cha mwaka 1788 kikaeneza ile njia ya mtumbwi hata ikachukua jina lake. Lakini Euler naye aliitumia kabla ya kitabu hicho. Basi njia ya kwanza ina jina la Euler ingawa d'Alembert alitangulia, na ya pili ina jina la Lagrange ingawa Euler aliijua. Majina ya vitu ndivyo yalivyo.

Jambo moja hawakulitia katika hesabu zao, yaani kule kunata kwa maji, yanavyokwaruzana yenyewe kwa yenyewe na kushika kingo. Hilo liliongezwa na Navier mwaka 1822, na Stokes mwaka 1845. Na hata leo wenye hesabu hawajaweza kuthibitisha ya kuwa kanuni hizo daima zina jibu lililo timamu. Lakini kazi hufanyika kwa njia zote mbili. Vituo vya hali ya hewa, vilivyosimama mahali pamoja na kupima upepo upitao, ni watu wa darajani. Na katika bahari zote vimeenea vyombo vipatavyo 4,000 viitwavyo Argo, vinavyochukuliwa na maji kwenye kina cha mita 1,000, vikaibuka kila siku 10 kutoa habari. Hao ndio wenye mitumbwi.

Kwa mfalme mambo hayakutengenea. Katika barua zake alimdhihaki Euler kwa jicho lake moja, jambo lisilompasa mfalme wala mtu mwingine. Mwaka 1766, baada ya kuomba ruhusa zaidi ya mara moja, Euler alirudi St. Petersburg kwa mwito wa malkia Katharina wa Pili, na nafasi yake Berlin ikachukuliwa na Lagrange. Mara tu alipofika, jicho lake la kushoto likaingiwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 moto uliteketeza nyumba yake. Mtu wa kwao Basel, Peter Grimm, fundi wa mikono, aliingia motoni akambeba mgongoni, na maandiko yake mengi yakaokolewa. Mwaka uo huo mganga akamtengeneza jicho, naye kwa siku chache akaona tena. Kisha likaingia uchafu, kwa maumivu makali, na giza likarudi. Mwaka 1773 mkewe Katharina akafariki.

Mtu angengoja hapo kusikia kwamba aliacha kazi. Lakini karibu nusu ya maandiko yake yote, ambayo yapita 850, yalitoka katika miaka hiyo ya upofu. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Aliandika kwa chaki herufi kubwa juu ya kibao, kwa kupapasa, na wanawe na wanafunzi wake wakayanakili na kuyahesabu kwa kirefu. Kitabu chake cha aljebra alimsomea mtumishi wake, kijana aliyekuwa mshona nguo, asiyejua hesabu. Na inasemekana kwamba kitabu kilipokwisha kijana alikuwa amezijua. Sala za jioni ziliendelea kama ilivyokuwa Berlin.

Mwaka 1783 habari zilienea Ulaya ya kwamba huko Ufaransa ndugu wawili, akina Montgolfier, wamerusha mfuko mkubwa wa hewa ya moto ukapaa angani. Hakika ni chombo kisicho na makasia, kinachokwenda upendako upepo. Tarehe 18 Septemba, kipofu wa miaka 76, Euler alishughulika na hesabu ya jinsi mfuko huo unavyopanda. Mchana alizungumza na wenzake juu ya njia ya Uranus, sayari iliyogunduliwa miaka miwili nyuma. Jioni alikunywa chai akicheza na mjukuu wake, na kiko mkononi. Ghafula akashikwa na maradhi, na usiku huo akafa.

Walimzika katika makaburi ya Kilutheri ya Smolensk, na huko akalala hata mwaka 1956, mifupa yake ilipohamishiwa makaburi ya Alexander Nevsky katika mji ule ule. Juu ya kibao chake zilikutwa hesabu za ule mfuko wa hewa, kama alivyoziacha. Zilinakiliwa na kupigwa chapa Paris.